Kijiji cha Kusubiri

Jumatatu, 3 Februari 2025

Lutanda leo. Kaya ishirini, tope hadi kwenye vifundo. Kumi na moja wamejibu ndiyo.

Swali ni lilelile: katika wiki mbili zilizopita, kuna mtoto wa chini ya miaka mitano hapa nyumbani aliyeharisha mara tatu au zaidi kwa siku? Nimelisema mpaka linanijia nikiosha vyombo. Ndiyo — nabonyeza kishikwambi. Hapana — nabonyeza. Halafu nachota maji ya mtungini kwenye kichupa, natia unga wa kipimo, natikisa. Yakigeuka pinki, yana dawa. Ya Lutanda hayageuki. Yatageukaje? Lutanda ni kijiji cha kusubiri, utafiti wetu haukipi dawa ya maji mpaka mwakani.

Kisonga, ng'ambo ya korongo, ni kijiji cha kupata. Kisimani kwao kuna tanki dogo la bluu lenye koki. Mtu anageuza mara moja, klorini inadondoka kwenye ndoo, basi, kaondoka. Kitu kidogo hivyo! Wiki iliyopita Kisonga waliosema ndiyo walikuwa watatu.

Nimemalizia kwa dada Raheli. Kaya yake haimo kwenye orodha yangu, ndugu haruhusiwi. Akanipa ugali wa mtama na mlenda. Faith kakaa mapajani kwangu, miezi kumi na minne, meno manne, ananing'ata kidole. Raheli akauliza bila kuniangalia: wenzetu wa Kisonga wana nini ambacho sisi hatuna? Nikasema ni kura tu, dada. Mwenyekiti wenu mwenyewe alitia mkono kwenye ndoo akatoa karatasi. Akasema, basi tumlaumu mkono wake. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 5 Februari 2025

Ofisini Ulemo. Nimempelekea Benson, msimamizi wetu, namba za Lutanda. Akaziangalia muda mrefu, akavua miwani.

Nikamuuliza kinachonikera toka Desemba: kwa nini tusiwape wote? Hakukasirika. Akasema dawa tuliyopewa inatosha vijiji ishirini. Hata tusingehesabu kitu, vingine ishirini vingekosa vilevile. Tofauti ni kwamba sasa tutajua. Ule Mfuko wa wafadhili una pesa nyingi lakini hauna za kila kitu, na kila siku wanabishiwa hodi: vyandarua, chanjo, vitamini, wodi mpya. Tukiwaonyesha kwamba koki ile inaokoa watoto kuliko kitu kingine cha bei yake, vijiji mia sita vya mikoa mingine vitapata. Tukiwapelekea maneno matupu, watajenga jengo lenye kibao cha jina la mtu.

— Severina, akasema, huruma wanayo wengi. Wanaojua inasaidia wapi ni wachache.

Namwamini. Nilikuwa karani wa sensa, najua kitu kisichohesabiwa kinavyosahaulika. Ningekuwa simwamini ningelala vizuri zaidi.

Jumapili, 9 Februari 2025

Raheli kanipigia kabla ya ibada. Faith anaharisha toka Ijumaa.

Sikwenda kanisani. Nimepita duka la dawa hapa Ulemo, nikanunua ORS, zinki na vidonge vya kusafishia maji, pakiti mbili. Bodaboda hadi korongoni, kisha kwa miguu. Macho ya mtoto yameingia ndani. Kijiko, kijiko, kijiko — saa nne nzima. Saa tisa akakojoa. Raheli akapiga makofi kama mtu kashinda bahati nasibu!

Nikamfundisha: kidonge kimoja ndoo moja, subiri nusu saa. Halafu nikamwambia jambo lingine. Nikamwambia, dada, usiwape majirani. Majirani wamo kwenye orodha, wewe haumo. Maji yao yakiwa na dawa hesabu yetu inaharibika.

Akaniangalia. Akasema sawa.

Jumanne, 11 Februari 2025

Michael kafa.

Wa Agnes, jirani wa Raheli, mlango kwa mlango. Miaka miwili na nusu. Alianza Jumamosi. Jana mchana wakamfunga mgongoni kumpeleka zahanati, korongo limejaa, wakakaa ukingoni kungoja maji yapungue. Hayakupungua mapema.

Nimetoka msibani sasa hivi. Shimo dogo sana. Wanaume watatu walimaliza kulifukia nikiwa bado najifunga khanga.

Tukiwa tunachambua mchele Raheli akaniambia polepole, Agnes aliniomba vile vidonge. Jumapili jioni, ulipoondoka. Alinusa ndoo yangu. Nikamwambia sina, ni harufu ya jiki.

Akasema: nilifanya ulivyoniambia.

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Ijumaa, 14 Februari 2025

Jumatano nilimwandikia Benson kila kitu — isipokuwa vidonge. Aliipeleka taarifa wilayani na kwa kamati ya utafiti siku hiyohiyo. Wilayani wamesema klorini yao itafika mwisho wa mwezi ujao. Kamati imejibu leo.

Benson alinisomea mwenyewe, kafunga mlango. Wanatoa pole kwa familia. Tuongeze ORS kwa kila kaya yenye mgonjwa, tutoe barua za rufaa. Kuhusu dawa ya maji: idadi ya wagonjwa Lutanda bado imo ndani ya kiwango kilichotarajiwa.

Kilichotarajiwa!

Nikamuuliza, kwa hiyo Michael alitarajiwa? Akasema usiniulize hivyo. Nikauliza tena. Akasema, ndiyo, Severina. Kabla hatujaanza kuna mtu alikaa akakadiria ni watoto wangapi watakufa kwenye vijiji visivyo na dawa. Bila hivyo huwezi kujua kama umeokoa yeyote. Ana watoto watatu na yeye.

Nimetafuta mtu wa kumchukia mwaka huu sijampata bado.

Jumatatu, 17 Februari 2025

Lutanda. Kumi na tatu wamesema ndiyo.

Kaya namba saba ni ya Agnes. Nilimwomba Benson anipe ruhusa niiruke. Haiwezekani, kaya iliyofiwa ndiyo haitakiwi kurukwa kabisa. Nikaenda. Agnes alikuwa anapepeta uwele. Pole mama Michael. Asante, karibu. Akanivutia kigoda.

Nikamuuliza: watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi hapa ni wangapi?

Akaacha kupepeta. Akasema, andika unavyojua.

Nikasema mama, lazima useme mwenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa.

— Hakuna, akasema.

Nikabonyeza sifuri. Kishikwambi kikaruka maswali yote ya ugonjwa, kikaniandikia ahsante kwa ushirikiano wako. Nikabaki nimekaa pale. Agnes akauliza, hiyo dawa, sisi tutaletewa lini? Nikasema mwakani mwezi wa kwanza, matokeo yakiwa mazuri. Akauliza, mazuri ni yapi? Ni sisi tuugue sana?

Nikatia kishikwambi mkobani. Namjibu hapa: Ndiyo, mama Michael. Ndiyo hayohayo. Mkiugua sana na Kisonga wasiugue, matokeo ni mazuri.

Jumanne, 18 Februari 2025

Nimeiba.

Niandike vizuri, angalau hapa. Asubuhi nimekwenda Kisonga kukagua tanki. Mzee Antipasi ndiye mtunza dawa wa kijiji, anajitolea, hajawahi kukosa kujaza hata siku moja. Madumu mawili stoo, kila moja lita tano, kila moja wiki mbili. Moja lilikuwa limefunguliwa jana. La pili zima.

Shikamoo mzee. Marahaba binti yangu. Alikuwa anawahi palizi ya alizeti. Akanipa ufunguo, akasema ukimaliza utumbukize chini ya mlango. Hakugeuka hata kutazama.

Dumu likaingia kwenye kikapu, khanga juu. Nilijiambia gari la dawa linakuja tarehe tatu Machi. Dumu lililo wazi litafika tarehe tatu. Itakosekana siku moja labda, au isikosekane kabisa. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu nikiwa juu ya bodaboda.

Nikamkabidhi Raheli na bomba la sindano lisilo na sindano. Mililita tatu, ndoo ya lita ishirini. Usikosee. Akauliza, na majirani?

Nikasema wote. Anza na Agnes.

Akasema Agnes hana mtoto tena. Nikasema anza naye hivyohivyo.

Jumamosi, 22 Februari 2025

Raheli anasema anasimama kisimani toka kunapopambazuka, kisha jioni tena. Kaweka dumu ndani ya beseni la nguo. Akina mama wanapanga foleni kama wa kipaimara. Wamekubaliana: wakija wale wa kuhesabu, hatujui kitu.

Wale wa kuhesabu ni mimi.

Faith anatembea! Hatua nne, kutoka mlangoni hadi jikoni. Raheli alimshikia simu anipigie kelele.

Jumatatu, 3 Machi 2025

Lutanda. Wanne tu. WANNE! Kutoka kumi na tatu.

Nilitamani kuruka. Nikapita nyumba kwa nyumba na dodoso langu. "Je, maji haya yametiwa dawa yoyote?" Hapana, anasema mama, ananitazama usoni kabisa, na harufu ya klorini inatoka mtungini. Nachukua kichupa, natia unga, natikisa. Pinki. Pinki nzuri kama ua. Mama anaitazama, mimi naitazama. Naandika: hayajabadilika rangi.

Mara ishirini nimeandika hivyo.

Namba saba Agnes alinishika mkono wenye kichupa. Akasema, kumbe ni rahisi namna hii. Basi akaachia.

Nimerudi Ulemo, Benson anasema gari la dawa limekwama. Daraja la udongo limekwenda na maji. Labda Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Mzee Antipasi kaja ofisini, kilomita kumi na sita kwa baiskeli kwenye matope. Kavua kofia mlangoni. Dawa Kisonga imekwisha toka Jumatano ya wiki iliyopita. Kijijini kulikuwa na mnada, waliokuja walichota sana, dumu halikumaliza hata wiki mbili.

Siku nane! Hesabu yangu mara tatu!

Alikuja kuomba radhi. Kwangu. Anasema binti yangu, nina hakika nilisaini madumu mawili, nimefungua moja tu, la pili silioni. Labda nililifungua nikasahau. Labda nilimimina mara mbili. Uzee huu, anasema. Alileta na daftari lake nimwonyeshe alipokosea. Mwandiko mkubwa, kila tarehe, kila ujazo, amepigia mstari kwa rula.

Nikasema mzee hujakosea. Akasema unanipa moyo tu.

Nikasema tena hujakosea — na hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu, mlango wazi kabisa, na yeye ananitazama. Nikamwambia, dawa inakuja kesho.

Akashukuru. Akaondoka na baiskeli yake.

Jumamosi, 8 Machi 2025

Dawa ilifika Kisonga jana saa kumi. Nimekwenda leo. Nimemkuta mke wa mzee Antipasi peke yake. Mzee yuko hospitali ya wilaya na mjukuu, Pendo, miaka mitatu. Kaanza kuharisha Jumatano. Alhamisi, wakati mzee yuko njiani kuja kuniomba mimi radhi, mtoto akawa haamki akiitwa.

Amewekewa dripu. Hawakuupata mshipa mkononi, wakapiga mguuni.

Nimedodosa kaya zote. Kisonga: tisa.

Tisa Kisonga, wanne Lutanda. Nimeituma. Kishikwambi kiliniuliza: una uhakika? Huwa kinauliza kila siku. Nikabonyeza ndiyo.

Jumapili, 9 Machi 2025

Nimeshindwa kuomba. Nimeanza mara mbili, naishia kwenye jina la Pendo, halafu Michael anaingia.

Nani angeniambia nisilichukue lile dumu? Lutanda kungekuwa na maiti mwingine wiki ile, nina hakika. Au sina. Kitu kisichotokea hakiandikwi popote. Ninachokiona ni huyu mmoja mwenye dripu mguuni.

Jumatano, 12 Machi 2025

Dokta Winfrida kafika asubuhi kutoka Dodoma. Ndiye mkuu wa takwimu. Nilidhani mtu mzima, kumbe ananizidi miaka mitano hivi, macho mekundu, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope. Akatusalimia wote kwa majina.

Akafungua kompyuta. Mistari miwili ya idadi ya wagonjwa. Ule wa vijiji vya kupata umekuwa chini muda wote, mzuri, halafu mwishoni unapanda. Ule wa kusubiri unashuka. Wanakutana. Anasema si vijiji vyote, ni jozi hii tu, Kisonga na Lutanda, lakini ndiyo jozi kubwa na inavuta wastani wote. Bodi ya Mfuko inakaa leo saa kumi kwa video. Kuna mradi mwingine umeomba pesa hizohizo, na una picha nzuri. Kwa mistari hii, anasema, watasema dawa ya maji haifai kitu. Mikoa minne haitapata. Vijiji mia sita.

— Mimi ndiye niliyewaambia waweke pesa hapa, akasema. Niliwaambia hakuna kitu kidogo kinachookoa wengi kama hiki. Nilikuwa na hakika.

Benson akamweleza kuhusu gari lililokwama. Winfrida akasema hiyo inaeleza Kisonga. Haielezi Lutanda. Lutanda bila dawa yoyote wamepona kwa nini?

Kisha akanigeukia. Si kwa kunikaripia. Akasema, Severina, wewe ndiye uliyeingia nyumba zote hizi. Kuna jambo sisi hatulijui?

Nikaomba kwenda msalani.

Niko nyuma ya ofisi, nimekaa kwenye tofali. Saa nane na nusu. Raheli katuma ujumbe: dumu linafika mwisho kesho, lete lingine, wamekuja hata wa kitongoji cha juu. Na mke wa mzee Antipasi hapokei simu toka jana.

Nikinyamaza, Lutanda wanapata dumu jingine na vijiji mia sita havipati tone. Nikisema, namba zangu zote zinatupwa, nami natupwa, na Lutanda wanarudi kwenye maji yao leo jioni. Na mzee Antipasi ataambiwa binti aliyempa ufunguo ni mtu gani hasa. Na kusema kwa mdomo tu hakutoshi, huyu ni mtu wa takwimu, ataniuliza: kuanzia tarehe gani, ndoo ngapi, waliugua wangapi kabla, wangapi baada, mlitia nini, lini kiliisha. Akipata tarehe anaweza kuipindua mistari ile ikae ilivyo kweli. Lutanda ilipona kwa sababu ya dawa. Kisonga iliugua kwa kukosa dawa. Ndicho alichokuwa anataka kuwaonyesha toka mwanzo! Kinathibitika kuliko hata walivyopanga — na sehemu ya uthibitisho wenyewe ni mtoto wa watu.

Tarehe zote zimo humu. Na vidonge vimo, na Agnes alivyoambiwa ni harufu ya jiki. Kurasa haziwezi kuchanwa nusu.

Naweza kusema kidogo. Naweza kusema niliona watu wa Lutanda wamenunua vidonge wenyewe. Wangeniamini. Benson angeniamini kwanza.

Winfrida anaita jina langu, kwa upole, kama mtu anayeita mgonjwa chumbani kwa daktari.

Viatu vya Benson vinakuja kwenye changarawe. Ameshafika. Amesimama juu yangu, kivuli chake kimefunika ukurasa.

Anauliza ninaandika nini.